Anwani ya Kitabu na Anwani ya Barua

Neno 'anwani' liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na mizigo miwili mgongoni, na hadi leo halijautua hata mmoja. Mtu anayeuliza anwani ya barua anataka kujua mahali: sanduku la posta, mji, pengine mtaa. Mtu yuyo huyo akiuliza anwani ya kitabu, hataki kujua kitabu kimo katika rafu gani. Anataka jina lake. Anwani ya kwanza hubadilika mwenyewe anapohama. Ya pili haibadiliki, hata kitabu kikiibwa maktabani Embu na kuuzwa kando ya barabara mjini Meru. Wanafunzi wa Kiswahili huzipita maana hizi mbili bila kujikwaa kwa kuwa muktadha huwashika mkono. Katika taaluma ya mitandao ya tarakilishi, hata hivyo, muktadha si kiongozi mwema kiasi hicho. Huko nako kuna anwani mbili, zote zikiitwa anwani, na watu wengi, wakiwemo wenye mamlaka ya kuwaadhibu wengine, huishika moja wakidhani wameishika nyingine.

Ya kwanza ni anwani ya maunzi, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi MAC. Kila kadi ya mtandao, iwe imo katika kipakatalishi, simu ya mkononi au printa, hutoka kiwandani ikiwa na nambari yake. Nambari hiyo ina biti 48, na kwa desturi huandikwa kwa jozi sita za alama, kuanzia 0 hadi 9 na kuanzia A hadi F. Jozi tatu za mwanzo hutambulisha kampuni iliyoiunda kadi. Kampuni huzipata kutoka IEEE, taasisi ya wahandisi yenye makao yake Marekani. Jozi tatu za mwisho kampuni hujipangia yenyewe. Kwa hesabu hiyo kuna nafasi ya anwani trilioni 281 hivi, na kusudio la awali lilikuwa kwamba pasiwe na kadi mbili duniani zenye anwani moja. Hii ndiyo anwani ya kitabu. Haisemi lolote kuhusu mahali kifaa kilipo.

Ya pili ni anwani ya IP. Toleo lake la nne, ambalo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1981, lina biti 32 na huandikwa kwa nambari nne zinazotenganishwa kwa nukta, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Anwani hii haitoki kiwandani. Kifaa hupewa na mtandao kilioingia, tena hupewa kwa mujibu wa mahali. Barani Afrika mafungu ya anwani hizi hugawanywa na AFRINIC, shirika lililo Morisi ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Makampuni ya mawasiliano huchukua mafungu yao huko. Vivyo hivyo KENET, mtandao wa taasisi za elimu nchini Kenya ulioanzishwa mwaka 1999. Kutoka hapo mafungu humegwa tena na tena hadi yanamfikia mtumiaji aliye bwenini.

Mkazi wa nyanda za mashariki ya Mlima Kenya hahitaji kwenda mbali ili aelewe mpango huu. Na atazame bahasha. Chuo Kikuu cha Embu hupokea barua zake kwa Sanduku la Posta 6, Embu 60100. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilicho Nchiru, hutumia Sanduku la Posta 972, Meru 60200. Runyenjes ni 60103, Nkubu ni 60202, Chuka ni 60400 na Maua ni 60600. Karani wa posta aliye Nairobi hana haja ya kujua Runyenjes iko wapi. Akiona 60 anajua kifurushi kinaelekea pande hizo. Akiona tarakimu ya tatu kuwa 1 anakitia katika gunia la Embu, na kazi iliyobaki ni ya watu wa Embu. Anwani ya IP husomwa vivyo hivyo, kuanzia kushoto, na kila ruta njiani husoma kadiri inavyohitaji tu ili ijue mlango wa kukitolea kifurushi cha data. Lau mtandao wa dunia ungetegemea anwani za maunzi peke yake, kila ruta ingelazimika kukariri mahali kilipo kila kifaa ulimwenguni, mithili ya karani anayelazimishwa kupeleka barua kwa majina ya watu tu.

Basi na achukuliwe mwanafunzi anayetoka Embu siku ya Ijumaa kipakatalishi chake kikiwa begani. Asubuhi kilikuwa katika mtandao wa chuo, nacho kilipewa anwani ya IP ya huko. Matatu inapita Runyenjes, inauvuka Mto Thuci, inafika Chuka, inapanda Igoji na Nkubu. Njiani mwanafunzi anakiunganisha na simu yake; kinapewa anwani nyingine. Jioni yuko Meru kwa shangazi yake, katika mtandao wa nyumbani. Kinapewa ya tatu. Katika safari hiyo yote kadi iliyomo ndani yake haikubadilika hata chembe. Aliyetaka kujua kipakatalishi kilikuwa wapi saa nne asubuhi angeiuliza anwani ya IP. Aliyetaka kujua kama kipakatalishi kilicho Meru ni kile kile kilichokuwa Embu angeiuliza anwani ya maunzi. Hayo ni maswali mawili, na kila swali lina shahidi wake.

Lakini mashahidi hawa hawaonekani kutoka sehemu moja, na hapa ndipo kosa kubwa linapozaliwa. Wengi huamini kwamba tovuti iliyo Nairobi au London huiona anwani ya maunzi ya kila anayeitembelea. Haiioni. Gunia la miraa linalotoka Maua linaweza kueleza sababu. Juu ya gunia imeandikwa alama ya mpokeaji aliye Mogadishu, na maandishi hayo hayabadiliki njia nzima. Lakini anayelibeba hubadilika. Kutoka Maua hadi Nairobi ni pikapu moja inayokimbia kama inayofukuzwa. Kutoka Eastleigh hadi uwanja wa ndege ni gari jingine. Kisha ni ndege. Nambari ya usajili ya pikapu ina maana kubwa kwa askari wa trafiki aliye barabarani na kwa kijana anayelipakia gunia. Kwa mpokeaji wa Mogadishu haina maana yoyote, wala hajawahi kuiona. Ndivyo kifurushi cha data kinavyosafiri. Anwani ya IP ya mwisho wa safari hukaa juu ya gunia, ilhali anwani za maunzi huandikwa upya katika kila kituo: kutoka kipakatalishi hadi ruta ya kwanza, kutoka ruta ya kwanza hadi ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Anwani ya maunzi ya mwanafunzi haivuki ruta ya kwanza.

Alama ya mtumaji nayo hubadilika mara nyingi. Anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3, idadi iliyoonekana kubwa mwaka 1981 na ambayo sasa haitoshi hata kwa simu. Kwa hiyo mafungu machache, kama lile linaloanza na 192.168, yalitengwa yatumiwe ndani ya majumba na taasisi, na ruta hubadilisha anwani hizo za ndani kuwa anwani moja ya nje. Familia nzima ya Nkubu, au bweni zima, huweza kutoka duniani kwa anwani moja, mfano wa wanafunzi wote wa shule wanaopokea barua kwa sanduku moja la posta. Makampuni ya simu nayo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja.

Hatari yake haihitaji kutiwa chumvi. Na ichukuliwe kwamba katika chuo chochote kile mtu ameingia katika mfumo wa alama za mitihani bila idhini. Daftari la seva limeandika anwani ya IP na saa. Anwani hiyo inasema tu kwamba mkosaji alipita katika lango fulani, na langoni hapo walipita mia mbili. Ili kumpata mmoja, sharti daftari la ruta lisome saa ile ile, lioneshe ni anwani gani ya ndani iliyopita, kisha daftari la mgawaji wa anwani lioneshe ni anwani gani ya maunzi iliyokuwa imepewa anwani hiyo ya ndani dakika hiyo. Saa za mashine mbili zikitofautiana kwa dakika kumi, anwani inaweza kuwa imekwisha kupewa mtu mwingine. Hata pale daftari zote zinapokubaliana, kilichopatikana ni kadi ya mtandao, si mtu. Katika mikahawa ya intaneti iliyojaa miji yetu katika miaka ya 2000, mashine moja iliweza kukaliwa na wateja thelathini kwa siku. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni inawapa wapelelezi njia ya kuomba amri ya mahakama ili wapate data kama hizi. Kuzipata ni jambo moja. Kuzisoma kama ambaye hajui tofauti ya jina la kitabu na mahali pa rafu ni jambo jingine, na anayelipa gharama ya usomaji mbaya ni kijana aliyefukuzwa chuoni kwa kosa la aliyekaa kiti kile kabla yake.

Kisa kinachoonesha mipaka ya anwani zote mbili kilitokea katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, nacho kimeandikwa kwa kirefu katika karatasi za mashtaka. Mnamo Septemba 2010 Aaron Swartz, kijana mwanaharakati, aliunganisha kipakatalishi na mtandao wa chuo hicho akaanza kupakua makala ya kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR kwa wingi usio wa kawaida. JSTOR ikaifungia anwani ya IP iliyokuwa ikipakua. Kipakatalishi kikapata anwani nyingine, kazi ikaendelea. JSTOR ikafungia fungu zima la anwani, na wasomi wa MIT wasiohusika wakajikuta nje ya mlango. Chuo kikaamua kuifungia anwani ya maunzi, kwa imani kwamba hiyo haihamishiki. Ikabadilishwa kwa programu, na kipakatalishi kikarudi mtandaoni kana kwamba ni mgeni mpya. Mchezo huo uliendelea hadi wahandisi walipoufuata waya kwa miguu hadi kwenye chumba kidogo cha nyaya katika orofa ya chini ya jengo, wakakikuta kipakatalishi, wakaweka kamera. Swartz alikamatwa Januari 2011. Alijiua Januari 2013, kesi ikiwa bado haijasikizwa, na mjadala kuhusu uzito wa mashtaka yale haujaisha. Kwa mwanafunzi wa mitandao, la kukumbukwa ni dogo zaidi. Anwani ya mahali ilimponyoka mfuatiliaji, na anwani ya jina nayo ikamponyoka. Aliyemtambua mtu ni kamera iliyoiona sura yake.

Je, anwani iliyotoka kiwandani hubadilikaje? Jibu ni kwamba kadi huitaja anwani yake, haithibitishi. Mfumo endeshi unaweza kuiamuru kadi itaje nyingine, na amri hiyo ni fupi kuliko ujumbe wa simu. Msomaji akishawishika kuiita anwani ya maunzi 'anwani halisi', na ajizuie, kwa sababu uhalisi ndio hasa isiokuwa nao. Ipo desturi iliyoenea maofisini na shuleni ya kuorodhesha anwani za maunzi zinazoruhusiwa kuingia katika mtandao usiotumia waya, kisha wahusika wanalala usingizi wa pono. Lakini anwani hizo hurushwa hewani waziwazi katika kila kifurushi, hata pale mtandao wenyewe unapofumbwa kwa nywila. Ni sawa na bawabu anayemruhusu kila aliyevaa fulana ya bluu, huku fulana za bluu zimeanikwa kwenye kamba nje ya lango. Orodha ya namna hiyo husaidia kupanga vifaa. Haimzuii mwizi.

Tena kuna udhaifu ulio ndani zaidi, pale anwani mbili zinapokutana. Kipakatalishi kinapotaka kutuma kifurushi kwa ruta ya bwenini kinaijua anwani yake ya IP, lakini ili kukikabidhi mkononi kinahitaji anwani yake ya maunzi. Kinafanyaje? Kinapiga kelele. Itifaki inayoitwa ARP, iliyoandikwa Novemba 1982, humfanya muulizaji awaite wote walio katika mtandao ule mdogo: nani mwenye anwani 192.168.1.1? Mwenye nayo hujibu: ni mimi, na anwani yangu ya maunzi ni hii. Mtu akisimama katikati ya soko la Gakoromone na kuuliza kwa sauti ni nani mwenye kibanda cha ndizi, atakayejibu kwanza ndiye atakayepokea pesa. Itifaki haiulizi ushahidi. Mwenzi wa bwenini mwenye nia mbaya anaweza kujibu kabla ya ruta, au kujibu hata bila kuulizwa, na tangu hapo vifurushi vya jirani zake vyote hupitia kwake kabla ya kwenda nje. Kikulacho ki nguoni mwako. Shambulizi hili halifanyiki kutoka bara jingine, kwa sababu ile ile iliyokwisha kutajwa: anwani za maunzi hazivuki ruta. Sharti mshambulizi awe ndani, katika waya ule ule au hewa ile ile.

Waliobuni itifaki hiyo hawapaswi kucheka kwa hilo. Mwaka 1982 mtandao mdogo ulikuwa chumba cha watu wanaojuana kwa majina. Mtandao wa bweni la watu mia tano, au wa hoteli ya Meru siku ya mkutano wa siasa, si chumba cha namna hiyo. Nafuu kubwa ya miaka ya karibuni imetokana na kwamba tovuti nyingi sasa hufumba mawasiliano yao kuanzia kwa mtumiaji hadi kwa seva, hata anayeyadaka njiani apate bahasha iliyofungwa. Hata hivyo, mdakaji aliye njiani bado huona bahasha inaelekea wapi, saa ngapi na mara ngapi, nayo si habari haba.

Watu wa Meru na Embu wana kumbukumbu yao wenyewe ya alama inayoshikamana na mwili, na kumbukumbu hiyo inafaa kuletwa hapa. Sheria ya kuwasajili Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume mtu mzima alilazimika kuwa na kipande: karatasi yenye nambari, alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, iliyowekwa katika kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Nia haikuwa kumheshimu kwa kumjua. Ilikuwa kumrudisha kwa mwajiri aliyemtoroka. Neno lenyewe limedumu. Wazee wengi huita kitambulisho cha taifa kipande hadi leo. Kisha, baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kundi moja katika maandishi ya utawala, wakatakiwa kuwa na vitabu vya pasi ndipo watoke eneo moja kwenda jingine. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja, wengi wao Wakikuyu na Waembu, walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Nambari ya shingoni peke yake ilisema nani. Kijiji peke yake kilisema wapi. Pasi ilivifunga viwili hivyo pamoja, na afisa aliyesimama kizuizini alihitaji kuona karatasi moja tu.

Wahandisi wa mitandao walikaribia kufanya jambo la aina hiyo, ingawa hawakuwa na dhamira hiyo mbaya. Toleo la sita la anwani za IP lina biti 128, na katika mpango wake wa awali kifaa kiliweza kujitungia nusu ya mwisho ya anwani kwa kuchukua anwani yake ya maunzi na kupachika alama FFFE katikati. Ilikuwa njia nyepesi na ya kupendeza. Lakini matokeo yake ni kwamba kipakatalishi cha yule mwanafunzi kingetoka Embu na kuingia Meru kwa nusu ya kwanza iliyobadilika na nusu ya pili isiyobadilika, na sasa nusu hiyo ingevuka ruta zote na kuonekana na kila tovuti duniani. Jina la kitabu lingekuwa limechapwa juu ya bahasha. Tatizo liligunduliwa mapema, na mnamo Januari 2001 ilichapishwa kanuni iliyoruhusu nusu hiyo itungwe kwa bahati nasibu na kubadilishwa kila baada ya muda. Mifumo endeshi mingi sasa hufanya hivyo. Ni vigumu kufikiria sahihisho jingine lenye manufaa makubwa kiasi hicho ambalo limeshangiliwa na watu wachache kiasi hicho.

Pasipo hata ruta, anwani ya maunzi ilikwisha kuanza kusaliti wenyewe barabarani. Mwaka 2013, katika kitovu cha biashara cha London, kampuni moja iliyoitwa Renew ilitega mitambo katika mapipa 12 ya taka ili kunasa anwani za maunzi za simu za wapita njia, kwa kuwa simu hutangaza anwani hiyo kila inapotafuta mtandao. Mwezi Agosti mamlaka ya jiji ikaamuru zoezi likomeshwe. Mwaka uliofuata Apple ilianza kuzifanya simu zake zitaje anwani za kubuni zinapotafuta mtandao. Android 10, ya mwaka 2019, ikalifanya jambo hilo kuwa la kawaida hata simu inapojiunga. Anayetaka kuona anaweza kufungua mipangilio ya simu yake sasa hivi. Iwapo alama ya pili katika anwani ni 2, 6, A au E, hiyo haikutoka kiwandani. Simu imeitunga kwa ajili ya mtandao huo mmoja. Kwa hiyo simu iliyounganishwa Chuka na simu hiyo hiyo iliyounganishwa Nchiru huonekana kama simu mbili. Msimamizi wa mtandao aliyezoea orodha zake za anwani hulalamika, naye ana haki ya kulalamika, lakini orodha zile hazikuwahi kuwa kufuli.

Simu zina nambari nyingine ya mwilini, IMEI, yenye tarakimu 15, nayo Wakenya wanaijua zaidi. Ndiyo iliyotumiwa kuzima simu bandia zaidi ya milioni moja baada ya tarehe 30 Septemba 2012. Ndiyo iliyozua kesi kuhusu mtambo wa kusimamia vifaa, ambao Mahakama Kuu iliuzuia mwaka 2018 na Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2020, kabla ya shauri kufikishwa Mahakama ya Juu. Hoja ya waliopinga ilikuwa rahisi kueleweka na yeyote aliyesimuliwa habari za kikebe cha shingoni.

Linalobaki ni swali la mwenye mtandao: ikiwa anwani ya mahali hushirikiwa na ya jina hughushiwa, mgeni atambuliweje mlangoni? Vyuo vikuu vina jibu ambalo halitumii hata moja kati ya hizo mbili. Mfumo wa eduroam, ambao nchini Kenya huendeshwa na KENET, humtaka mtumiaji ataje jina lake la chuo na nywila. Mwanafunzi wa chuo kimoja akizuru chuo kingine, chuo mwenyeji hakimjui wala hakioni nywila yake. Huuliza chuo alikotoka, na jibu hurudi kuwa ndiyo au la. Mlango unafunguka kwa sababu kuna mtu wa nyumbani aliyemdhamini mgeni, desturi isiyo ngeni kwa yeyote aliyewahi kupelekwa ugenini na barua ya mkuu wa kijiji.

Hata hivyo, mdhamini huyo naye ana daftari. Ndani yake mna jina, saa, chuo mwenyeji na anwani ya maunzi iliyotajwa wakati ule, ya kweli au ya kubuni. Kwa mara nyingine nani na wapi vimeandikwa katika mstari mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inavihesabu vitambulishi vya mtandaoni kuwa miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na inamtaka mwenye data asiihifadhi kupita muda unaohitajika kwa kusudi lililomfanya aikusanye. Mwanafunzi anayetia sahihi fomu ya kutumia mtandao wa chuo huulizwa nambari yake ya usajili, ya kitambulisho na ya simu. Mstari unaoonesha daftari litafutwa lini, iwapo upo, huwa chini kabisa ya ukurasa, nao ndio wa kusomwa kwanza.